Futi Tisa kwa Ishirini na Nne, na Mkwe Ndani

Jambo lenyewe lote liligharimu kioo kimoja cha dirisha, suruali moja nzuri ya mtu, mbuzi wa kuomba radhi, na miaka sita ambayo mkwe wangu hajakanyaga nyumba yangu. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu. Kioo nilikipata Webuye siku ya pili yake. Mbuzi alikuwa wangu mwenyewe, na alikuwa na tabia mbaya, kwa hivyo huyo simlilii sana. Miaka ndiyo iliyonilemea.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaouza makochi kando ya barabara Kitale na Bungoma, na mnaoitwa nyumbani kwa wateja kuyapanga. Kazi hiyo niliifanya miaka thelathini na mmoja, na magoti yangu yanaukumbuka kila mwaka kwa jina. Sikuwa seremala. Nilikuwa yule mama anayefika baada ya seremala, anasimama mlangoni, anatazama chumba, halafu anawaambia watu wazima watoe kila kitu nje tuanze upya. Hakuna mtu anayependwa kwa kazi kama hiyo.

Kwanza muelewe kwa nini vyumba vya kwetu ni virefu na vyembamba hivi. Watu husema ni ubahili wa wenye ploti. Hiyo ni nusu ya habari. Mjini ni kweli, mtu ana kiwanja kidogo na anataka milango kumi na miwili ya kupangisha, basi kila mpangaji anakatiwa kipande kama mkate. Lakini huko mashambani, Saboti na kwetu Matulo, mwenye nyumba si mpangishaji na kiwanja anacho. Kinachombana ni ubao. Anaangusha miti yake mwenyewe ya saipras, anapasua, anapata mbao za futi kumi au kumi na moja za kulaza juu ya kuta. Toa kipande cha kutokeza nje upande huu, toa cha upande ule, umebaki na chumba cha futi tisa. Kuunga mbao mbili kunataka fundi mzuri. Kuongeza urefu wa nyumba kunataka tu mtoto mwingine azaliwe. Niliwahi kuingia nyumba moja Saboti yenye futi thelathini na sita. Watoto sikuuliza ni wangapi. Nilipima ukuta nikajua.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, seremala wa Kitale, mtu mfupi aliyezungumza kana kwamba maneno yanauzwa kwa kilo. Nilimwendea nikiuza vitambaa vya kufunikia makochi, vile vya kufuma kwa sindano. Siku ya tatu alinikuta nikihesabu viti vyake, nikamwambia kimoja hakipo. Akahesabu. Kweli hakipo. Nikahesabu tena mbele yake, bado hakipo. Kesho yake akaniambia niache vitambaa, nishike kazi.

Tepu alikuwa nayo, lakini hakuiamini. Alikuwa na sinia. Tukimaliza kupanga sebule ya mteja, aliweka juu ya sinia hiyo kikombe kilichojaa maji hadi mdomoni, akanipa. Halafu yeye na vibarua waliketi kwenye viti vyote, wakanyoosha miguu kama wakwe walioshiba, akasema, "Pita." Nilipita kutoka mlango wa mbele hadi wa jikoni na kurudi. Maji yakimwagika, hakunigombeza. Aliinuka tu, akasukuma kochi inchi mbili, akaketi tena. Mara nyingine tulirudia mara tisa, na mwenye nyumba amesimama nje akiuliza kama sisi ni mafundi au ni wachawi.

Siku moja nilichoka, nikamwambia viti vyote vimeingia na vimepangana, kwa nini tunateseka. Akanijibu sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia.

"Mama Nekesa, kiti si mahali pa kukaa. Kiti ni mahali pa kuinuka. Kukaa, hata mgonjwa anakaa."

Wakati huo nilidhani ni maneno ya mzee anayetaka kwenda kula.

Mengine niliyoyapata kwake nawapa bure, ingawa moyo unauma kutoa kitu bure. Chumba kirefu usikipange viti kwa kufuata kuta mbili, watu wakatazamana goti kwa goti kama wagonjwa wanaongoja dawa. Kigawe. Geuza kochi moja lipe mgongo upande wa mlango, nyuma yake uache njia, na mara hiyo una vyumba viwili kwa kodi ya kimoja. Televisheni usiiweke mwisho wa chumba. Ukiiweka huko, anayeona vizuri ni mmoja na wengine wanashindana shingo. Iweke kwenye ukuta mrefu. Meza kubwa ya katikati ni adui. Stuli nne ndogo zinazoingiana zinafanya kazi hiyo hiyo, na wageni wakiondoka zinajificha. Mikono minene ya kochi ni ulaji wa nafasi: ukiwa na makochi matatu yenye mikono ya inchi tisa, piga hesabu uone umempangisha nani chumba chako. Na kabla ya yote hayo, pima mlango.

La mlango nililipata kwa aibu. Kulikuwa na mwalimu mmoja Bungoma aliyetaka viti vya watu saba kwenye chumba cha kuweka watu watano. Tulibishana bei kuanzia chai ya saa nne hadi mabati yakaacha kulia kwa joto. Nilishinda, na furaha ikanipumbaza. Nilipima chumba mara mbili. Mlango sikuupima. Kochi la watu watatu likaingia nusu, likakwama, halirudi wala haliendi. Mwalimu yuko ndani, mkewe yuko nje na ndoo ya maji, na majirani wote wamekuja kutoa maoni. Ilipofika jioni tulikata mkono mmoja wa kochi kwa msumeno.

Mwalimu akataka kupunguziwa bei, ati kochi sasa ni kilema.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo ndiyo staili mpya. Upande usio na mkono ni wa mtu kujinyoosha."

Akakaa. Akajinyoosha. Akalipa. Mwezi huo majirani zake watatu wakaniomba kochi la mkono mmoja. Nyinyi mnadhani staili hiyo ilikuja kwa meli.

Siku hizi mteja haji na kipimo. Anakuja na picha kwenye simu. Kabla sijastaafu alinijia msichana mmoja, amevaa vizuri, ana chumba chake cha kwanza cha kupanga. Akanionyesha kochi kubwa jeupe la umbo la L, na zulia, na taa ndefu imesimama kama twiga. Akasema, "Mathe, nataka hivi, hivi tu." Nikaitazama picha hiyo upande wa kulia na wa kushoto.

"Hao watu wanaokaa hapa wako wapi?"

"Si ni picha tu, Mathe."

Ndiyo. Chumba kisicho na watu hupangika chenyewe. Nilimwambia L ni umbo la watu wenye kona za bure, na kwamba katika chumba cha futi tisa L itakula kona mbili na njia moja. Alinielewa, akachukua makochi mawili ya kawaida, na hadi leo anashukuru. Kumbukeni kwamba nilimwambia hivyo. Nitaeleza ni kwa nini.

Kuna jambo lililonipa sifa huko Kitale, na hilo halimo kwenye picha za simu. Kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono. Hawakai kochi moja. Hawapishani mahali pembamba nguo zikagusana. Wageni hudhani ni chuki. Ni heshima, na heshima ya kwetu inahitaji nafasi, futi tatu ikiwezekana. Mjini wengi wameacha, na kanisani tumeambiwa mara nyingi kwamba hayo yamepita. Mchungaji wetu mwenyewe humsalimu mama mkwe wake kwa mkono mbele ya watu wote. Lakini mimi nimepanga nyumba za Wakristo wengi, na nawaambia roho zimeokoka, magoti bado. Waweke wawili hao kwenye chumba cha futi tisa uone wanavyojikunja.

Basi watu waliokuwa wakingojea wakwe walinitafuta. Simu ziliingia siku ya Alhamisi, wageni ni Jumamosi, nyumba ni ndefu kama mfereji na mama wa msichana ameshaanza kupandwa na presha. Dawa yangu ilikuwa moja. Chumba cha namna hiyo mara nyingi kina milango miwili: wa mbele, na wa jikoni mwisho kule. Nilimpa mkwe upande wa mlango wa mbele, nikampa mama upande wa mlango wa jikoni, na katikati nikaweka meza ya chakula kama mpaka. Kila mmoja ana mlango wake. Wanaonana, wanaongea, kila mmoja anainuka na kutoka bila kumpita mwenzake. Watu waliniita kwa kazi hiyo kutoka Kitale hadi Bungoma mjini. Nilikuwa nikiulizwa bei, nasema, wanashtuka, nasema tena ile ile.

Sasa njooni kwangu Matulo.

Nilistaafu nikajenga kwa saipras zangu, kwa hivyo mnajua upana. Sebule ni futi tisa kwa ishirini na nne. Mlango wa mbele uko upande mmoja mwembamba, wa jikoni uko kwenye kona ya upande wa pili. Binti yangu Nekesa alikuwa amefunga ndoa na Wafula, mwalimu wa hesabu Bungoma, kijana mtulivu mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi zinakata. Watu wa kwao walikuwa wanakuja kwangu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Nekesa akaniambia kwa upole, jinsi watoto wanavyosema jambo walilolilalia macho siku tatu, "Mama, yale makochi yako ya vitambaa, tafadhali, usiyaweke."

Nilipaswa kubishana. Nimebishana na matajiri wa mahindi nikawashinda. Lakini huyo ni mtoto, na wageni ni wakwe, na kule yadi ya makochi Kitale kulikuwa na kochi la L la rangi ya maziwa na chai ambalo nilikuwa nalitazama tangu mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Nikalinunua. Lilitaka kona. Kona yenye upana wa kulipokea ilikuwa moja tu, ile yenye mlango wa jikoni. Nikaliweka hapo, mgongo wake ukaziba mlango. Nikajiambia hakuna neno, chakula kitazungushwa nje kipitie mbele, na mimi mwenyewe nitakuwa nje kwenye tenti na akina mama wenzangu. Nikahesabu nafasi za kukaa mara mbili, zikawa kumi na nne. Njia ya kutoka sikuihesabu hata mara moja. Na sinia sikuipitisha, kwa sababu ni nyumba yangu, na nani atanifundisha nyumba yangu.

Siku ilianza vizuri. Wafula aliketishwa kule mwisho, ndani kabisa ya kiwiko cha L, mahali pa heshima. Kando yake baba yake mdogo, Mzee Makokha, mtu mzito wa kauli na wa mwili. Wazee wengine wanne wakajaza kochi. Wakapewa soda, wakapewa chai, wakapewa soda tena. Mimi niko nje nasikia vicheko nafurahi.

Saa nane mvua ikashuka. Wenye kujua Matulo wanajua mvua inayotoka upande wa mlima ikiwa na barafu. Tenti ikabonyea katikati, ikamwaga maji kwa akina mama wa kanisa, watu wote wakakimbilia sebuleni. Niliwahesabu wakiingia. Thelathini na mmoja. Nikawahesabu tena, wakawa thelathini na mmoja vilevile. Mimi ndiye wa mwisho, na mkononi nina sinia ya chai iliyokwisha kumiminwa, kwa sababu siwezi kuacha chai ya maziwa inyeshewe.

Sikilizeni sasa ujinga wa mtu mwenye ujuzi. Watu wote humpisha mwenye sinia ya chai ya moto. Walikunja miguu, wakavuta matumbo, wakapitisha kauli, "Mpisheni mama, mpisheni mama," na njia ikafunguka mbele yangu hadi mwisho wa chumba. Nilipita bila kumwaga tone. Mzee Barasa angefurahi. Nilipofika mwisho, nikatua sinia mezani, nikageuka kurudi, na njia haikuwapo tena. Watu walikuwa wameshaketi chini, kwenye stuli, kwenye mikono ya makochi. Mtu akanisukumia stuli nyuma ya magoti, nikaketi.

Nikainua macho. Futi moja na nusu kutoka kwangu ni magoti ya Wafula.

Niligeuka upesi nikawapa mgongo. Yeye naye akageuzia uso dirishani. Nyuma yake ni mgongo wa kochi, na nyuma ya mgongo wa kochi ni mlango wa jikoni nilioufunga mwenyewe. Mbele yake ni meza, na kando ya meza, kwenye nafasi pekee ya kupita, nimekaa mimi. Ili atoke ilibidi aniguse. Ili nimpishe ilibidi niinuke, na nyuma ya stuli yangu magoti ya wazee yalikuwa yamenibana kama kuni kwenye mzigo. Nilijaribu mara mbili. Barafu inapiga mabati, hakuna anayesikia chochote.

Kijana alikuwa amekunywa soda tatu na chai mbili. Mimi ni mama, sikuhitaji kugeuka kujua. Nilimsikia akipachika mguu juu ya mguu. Nikamsikia akiushusha na kupachika ule wa pili. Jambo hilo mkwe hawezi kulitaja mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hawezi kumpunguzia kwa kulitaja yeye. Mzee Makokha aliona, na kwa kumsitiri akaanza kunguruma habari za bei ya mahindi, akasema bei ya mwaka huo na ya mwaka uliotangulia na ya mwaka ambao Wafula hakuwa amezaliwa. Ilipita saa nzima. Mvua haikupungua.

Halafu nikasikia dirisha likifunguka.

Alipanda juu ya mkono wa kochi langu jipya, akatoka. Komeo likashika suruali, suruali ikalia, kioo kikaanguka. Hata hapo lingekuwa limekwisha, kama nje chini ya paa kusingekuwa na wanawake wa jikoni wamejikinga mvua. Walimwona bwana harusi akiteremka kwenye dirisha la mama mkwe wake, suruali imepasuka nyuma, barafu inamtwanga kichwani. Wakacheka. Ni wanawake wazuri, na mimi ningecheka. Kicheko hicho kilisikika juu ya mvua yote ile.

Ndani vichwa vyote viligeukia dirisha. Mzee Makokha akaweka kikombe chini.

"Kwetu," akasema, "anayetoka kwa dirisha ni mwizi."

Nilijibu nikiwa nimempa mgongo bado. "Mzee, kosa si la kijana. Kosa ni la kochi."

"Na kochi lilijileta?"

Hiyo ndiyo mara yangu ya pekee kukosa neno katika mabishano, na ilikuwa nyumbani kwangu.

Mbuzi alikwenda kwao wiki iliyofuata, akapokelewa, na Mzee Makokha akasema yamekwisha. Wafula hakuwa na hasira hata siku moja. Alikuwa na aibu, na aibu haina mbuzi wake. Alituma sukari. Alituma fundi wa kurekebisha mifereji ya paa. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, na Nekesa ananiambia akizungumza nami husimama wima, peke yake chumbani, kama askari. Lakini nyumbani hakuja. Wajukuu wakiletwa likizo, huendesha gari hadi dukani barabarani, anawashusha na mama yao, anangoja huko. Kutoka uani naona paa la gari lake juu ya mahindi. Mahindi yakiwa marefu silioni, najua tu lipo.

Mwaka huu mwezi wa mvua mguu na mkono wangu wa kushoto vilikufa ganzi nikaanguka kwenye shamba la kunde. Nikalazwa hospitali Bungoma. Wodi, vijana wangu, ni chumba kirefu chembamba, vitanda vimefuata kuta mbili, na mimi nililala cha mwisho kabisa nikiwaza ni nani aliyepanga. Siku ya nne Wafula akafika. Alisimama mlangoni, kule mwanzo wa wodi, mimi niko huku mwisho. Vitanda kumi na viwili kati yetu kila upande. Hakuweza kuja karibu na kitanda alicholalia mama mkwe, na sikutaka aje. Akainua mkono. Nikainua wa kulia, ule unaoinuka. Tulikaa hivyo hadi muuguzi akamwambia anaziba mlango.

Siku nilipotoka Nekesa aliniletea maneno yake. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Amesema, 'Nimekuwa mjinga miaka sita kwa sababu ya dirisha. Mwambie mama ninakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na nitaingia kwa mlango.'"

Leo ni Jumapili. Jumamosi ni siku sita. Nimehesabu mara mbili.

Kochi la L nimekwisha kulikata; vijana wawili wa jirani walilipasua kwenye kiwiko. Vipande viwili virefu vimebaki sebuleni, kiwiko kimekwenda kwa kuku, na wanataga humo vizuri kuliko walivyowahi kutaga. Mlango wa jikoni uko wazi. Sasa mtasema, Mama Nekesa, si ufanye dawa yako ile ya zamani, mlango wake na mlango wako? Nami nawaambia nimeipanga hivyo mara tatu wiki hii, na mara tatu haikufaa. Jikoni kwangu ni chini, kuna ngazi mbili za kushuka. Mguu huu haushuki ngazi. Nilimwita fundi aziondoe atengeneze mteremko, akapima, akasema mteremko wake ungeanzia mlangoni na kuishia kwenye moto.

Kwa hivyo mlango wa jikoni si wangu tena. Mlango wangu ni ule wa mbele tu, na yeye ameapa kuingia kwa huo huo. Nikikaa karibu na mlango, atanipita. Nikikaa mwisho, nitakuwa mimi niliye ndani ya kiwiko, na yeye atakaa roho juu akihesabu ni lini nitahitaji kutoka. Nikijifungia chumbani, atakuwa amekuja kutazama ukuta, na ukuta angeweza kuutazama Bungoma. Nje hatukai, mvua ya saa nane bado ina anwani yangu. Wazee wengine husema mkwe akimletea mama mkwe blanketi, miiko hii hulegea. Niliuliza wazee wawili, nikapata majibu matatu.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia Nekesa. Siwezi kuinuka peke yangu. Huwa nahitaji mtu wa kunishika kwapani, na mara mbili mwezi huu hata hivyo nimeanguka. Nikianguka mbele yake, na Nekesa yuko jikoni, atafanya nini? Aniache sakafuni kwa heshima, au aniinue halafu asirudi tena kwa aibu? Amekuja mbali kufika mlangoni. Sitaki nimpe mtihani huo.

Basi nyinyi mnaopanga nyumba sasa, wenye simu na picha, nisaidieni. Miaka thelathini na mmoja nilitoa ushauri kwa bei, leo nauomba. Chumba ni futi tisa kwa ishirini na nne. Mlango wa mbele ni inchi thelathini na sita, nimeupima kabla ya yote. Dirisha liko ukuta wa kushoto, halihesabiki kama njia. Kuna makochi mawili, stuli nne, na meza inayoweza kutolewa. Vyote vimeshapata mahali pake, sinia imepitishwa na mjukuu wangu hajamwaga tone. Kimebaki kiti kimoja, changu. Anayejua kiwekwe wapi ili mkwe wangu aingie, akae, anywe chai, anione uso, na sote wawili tuweze kuinuka, aniambie kabla ya Jumamosi.